Dikshenari yako ianze ikiwa na vitu vyake tayari

Jamaa, naona wengi wanaojifunza Python hapa Kampala wanafungua dikshenari tupu (mahali pa kuweka vitu kwa jozi, kila ufunguo, mfano jina la mji, na thamani yake, mfano nauli), halafu wanaijaza laini moja moja, nauli["Jinja"] hivi, nauli["Masaka"] vile, mpaka skrini inajaa na ukikosea mahali hupaoni. Kama bei unazijua tangu mwanzo, ziandike palepale (hizi ni za mfano tu):

nauli = {"Jinja": 15000, "Masaka": 20000, "Mbale": 30000}

Usirudie tu ufunguo mmoja mara mbili, maana Python haisemi kitu, inashika thamani ya mwisho na ile ya kwanza inapotea kimyakimya.

Sasa kuna siku unataka funguo zote zianze na kitu kimoja. Ikiwa ni namba, mfano kuhesabu teksi zilizotoka, hii inatosha kabisa:

hesabu = dict.fromkeys(["Jinja", "Masaka", "Mbale"], 0)

Ila ukiweka listi hapo umeumia. Mimi hapa nililala saa nane usiku, nilikuwa natengeneza orodha ya abiria wa steji, nikaandika hivi:

abiria = dict.fromkeys(["Jinja", "Masaka", "Mbale"], [])
abiria["Jinja"].append("Nakato")

Nikaprinti, Nakato yuko Jinja, yuko Masaka, na Mbale pia yuko! Nikafuta nikaandika upya, bado yuleyule. Kumbe fromkeys haitengenezi listi tatu, inatengeneza moja tu halafu funguo zote zinaishikilia hiyohiyo, kama madaftari matatu unayodhani ni tofauti kumbe ni daftari moja lenye majina matatu kwenye jalada. Dawa yake ni kuitengenezea kila njia listi yake:

abiria = {njia: [] for njia in ["Jinja", "Masaka", "Mbale"]}

Hapo Nakato anabaki kwenye teksi yake ya Jinja. Na kama majina ya njia huyajui mapema, tumia defaultdict(list) kutoka collections (moduli inayokuja na Python yenyewe), ufunguo mpya ukiugusa unapata listi yake tupu wenyewe.

Wa Java nanyi, ambako dikshenari inaitwa map, mna Map.of tangu Java 9 ya mwaka 2017:

Map<String, Integer> nauli = Map.of("Jinja", 15000, "Masaka", 20000);

Inabeba jozi 10 mwisho, zikizidi nenda Map.ofEntries. Ukirudia ufunguo inakurushia kosa, na mimi hilo nalipenda kuliko ukimya wa Python. Lakini hiyo map haibadiliki, ukijaribu put (kuongeza au kubadilisha kitu) programu inakufa, kwa hiyo kama bei zitapanda baadaye izungushie new HashMap<>(Map.of(...)) tangu mwanzo.