Jinsi ya kuchanganya ladha kwenye hip-hop yako bila kuua rap, kwa msanii anayejitegemea pande za Mbeya

Kuna dogo mmoja wa Mafiati hapa Mbeya nimefanya nae kazi kama mwaka na nusu sasa, anachana, hana lebo wala meneja, mchana anauza vocha na makava ya simu, usiku anarekodi. Kila akitoa wimbo watu wanamuuliza "hii sasa ni hip-hop au nini?" maana humo ndani kuna gitaa la rumba, kuna ngoma ya kwao Kyela, kuna besi ya amapiano, na katikati yeye anashusha mistari mizito kabisa. Kwa sasa ndo muziki nnaoupenda kuliko wowote unaotoka huku kwetu, na kwa kuwa madogo wengi wananifata kuuliza tunafanyaje, naandika hapa yale tuliyojifunza.

Kitu cha kwanza amua nani mwenye nyumba. Kwenye wimbo wa hip-hop mwenyeji ni rap, yaani kiki (ile ngoma nzito ya chini), snea (ile inayopasua) na mistari, vingine vyote ni wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa hiyo mwite mgeni pale ambapo rap inamuhitaji. Kama beti lako ni zito na halipumui, kiitikio cha kuimba kinakuponya. Kama biti inazunguka pale pale, ngoma ya asili inaamsha. Mgeni mmoja au wawili kwa wimbo mmoja wanatosha, dogo kwenye demo zake za mwanzo, yaani zile nyimbo za majaribio, alikuwa anaita wageni watano na ukisikiliza hujui ushike wapi.

Baada ya hapo ni tempo, yaani kasi ya wimbo, na hapa ndo wengi wanaangukia. Hip-hop ile ya zamani inatembea kati ya mapigo 85 na 95 kwa dakika, trapu, ile hip-hop ya kisasa, mara nyingi unaiweka 140 ila unachana kama vile ni 70, amapiano iko kwenye 112 hivi, singeli inapita 200. Sasa usilazimishe, fanya hesabu kwanza: singeli ya 200 ukiigawa kwa 2 unapata 100, na kwenye 100 mtu anachana vizuri tu, kwa hiyo haihati (vile visahani vinavyolia tsi-tsi-tsi) zinakimbia kisingeli wakati snea inapiga taratibu chini na we unachana juu ya ile ya taratibu. Amapiano ya 112 ukitaka iungane na mtu aliyezoea kuchana kwenye 90, bora ushuke hadi 104 au 105 uchukue ile besi yake tu, usibebe kila kitu.

Ngoma za asili zina mambo yake. Nyingi za huku zinahesabika tatu tatu wakati hip-hop inahesabika nne nne, na huo mgongano ndo utamu wenyewe. Kwenye programu yako ya kurekodia badilisha gridi (ile mistari ya kugawa mapigo kwenye skrini) iwe ya tatu tatu kwa ngoma peke yake, kiki na snea ziache kwenye nne. Alafu kabla hujaandika mstari hata mmoja kaa upige makofi, mguu unahesabu nne, mikono inahesabu tatu, mpaka mwili uzoee. Dogo alikaa wiki nzima anafanya hivyo dukani kwake, wateja wakamshangaa, lakini alivyorudi studio akawa anachana nne kwenye mistari mitatu ya kwanza alafu mstari wa nne anauvunja kwa tatu, we mpaka nywele zinasimama!

Sauti ya ngoma usidownload mtandaoni kama wapigaji wapo. Panda gari nenda Tukuyu au Kyela, kaa na wazee, salimia vizuri, eleza unataka nini na uwalipe. Simu ya kawaida inatosha, iweke mbali kama hatua 3 ili sauti isipasuke, na rekodi nje chini ya mti kuliko ndani ya chumba kitupu chenye mwangwi. Wapigaji wa kweli tempo yao inapumua, inapanda na kushuka, kwa hiyo usiinyooshe yote kwa programu maana itakufa, tafuta vipande viwili vitatu ilipotulia, kata, zungusha. Au mvalishe mpigaji hedifoni sikio moja, asikie biti yako na huku lingine asikie ngoma yake. Na ukimaliza sema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kwa moyo, usiondoke kama mwizi.

Hilo la kuondoka kama mwizi nalisisitiza kwa sababu kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inagusa mpaka sanaa za jadi, kwa hiyo kama wimbo unaenda sokoni uliza BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla, na kazi yako mwenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na mliotengeneza wote, prodyuza, mpiga gitaa, aliyeimba kiitikio, andikeni karatasi siku ile ile mkiwa studio, kila mtu asilimia ngapi, mnasaini, mnapiga picha. Mimi niliwahi kupoteza rafiki wa miaka kwa wimbo ambao haukuandikiwa karatasi, na wimbo wenyewe wala haukuingiza hela ya maana.

Kurekodi: Mbeya tuna bahati ya mablanketi mazito, tundika matatu nyuma yako na pembeni, sauti inakuwa kavu safi. Adui ni mvua kwenye mabati, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi ni kuvizia, kwa hiyo sisi biti na uandishi tunafanya masika, sauti tunarekodi kiangazi, na Juni Julai ile baridi unywe kwanza chai ya moto koo lifunguke. Kwenye programu chagua ubora wa "24-bit" (hiyo sio biti ya muziki), kilele cha sauti kisipite -6 dB kwenye mita, usirekodi kwa nguvu ukidhani ndo ubora.

Kuhusu lugha, changanya kama unavyoongea nyumbani. Neno moja la Kinyakyusa au Kisafwa au Kihehe likikaa kwenye kiitikio mahali pake, mtu wa Dar ataliimba hata asipolijua. Arusha kundi la rap la X Plastaz walishaonyesha zamani kwamba uimbaji wa Kimasai unakaa juu ya hip-hop na dunia inasikiliza, na kwa upande wa mistari mji wetu una Sugu, mkongwe wa rap, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiga lafudhi ya mtu mwingine.

Miksi, yaani mchanganyo wa mwisho wa sauti zote, ijaribu pale watu wanaposikilizia kweli, yaani simu ndogo na bajaji. Spika ya simu haitoi ile besi ya chini kabisa, kwa hiyo besi ya amapiano iongezee sauti nyingine oktavu moja juu (noti ile ile ila nyembamba zaidi), la sivyo mtu wa Mwanjelwa atasikia wimbo usio na besi. Na watu wa huku wanarushiana nyimbo WhatsApp kwa bando la mawazo, kwa hiyo kuwa na faili mbili: mp3 ya ubora wa 320 kbps ni kama MB 7 kwa wimbo wa dakika 3, ya 128 haifiki MB 3, isikilize hiyo ndogo kwa makini, kama haihati zinasikika kama maji yanachemka rudi kwenye miksi upunguze ukali wa juu.

Kutoa sasa. Pitia msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayokupelekea wimbo kwenye majukwaa, wimbo utafika Boomplay, Audiomack, Spotify, na upakie wiki 3 au 4 kabla, maana Spotify wanataka uwaombee nafasi kwenye pleilisti zao (orodha za nyimbo wanazopanga wao) angalau siku 7 kabla ya kutoka, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mrabaha kule. Wanapokuuliza aina ya muziki andika hip-hop. Usihangaike kubuni jina jipya, mwenyeji ni yule yule, wageni watasikika wenyewe.

Wimbo mpya wa dogo tunaumalizia wiki ijayo, kuna mzee wa ngoma anapanda kutoka Kyela, nauli yake nishatuma.