Hadithi fupi ya maneno 2,000: kuianza, kuimaliza na kuisafisha

Fungua daftari la mtu anayejifunza kuandika hadithi utakuta nyingi zimekufa mahali pamoja, ukurasa wa tatu. Ukurasa wa kwanza jua limechomoza na ndege wameimba. Wa pili mhusika amepewa jina, urefu, rangi na utoto wenye tabu. Wa tatu mwandishi amekwama, maana hadi hapo hakuna mtu anayetaka kitu. Kesho yake anarudi kupamba ukurasa wa kwanza, anakwama palepale, na baada ya mwezi ana kurasa tatu safi na hana hadithi.

Maelekezo haya ni ya hadithi moja ya maneno 2,000. Kwa karatasi ya A4, herufi za saizi 12 na nafasi mbili kati ya mistari, hizo ni kurasa nane hivi. Ukiandika maneno 300 kwa siku, rasimu inaisha kwa juma moja. Anayetumia kalamu na kaunta buku ahesabu ukurasa mmoja na nusu kwa siku, kulingana na mwandiko wake. Urefu huo unatosha mtu mmoja na tatizo moja. Ukoo mzima na vita vya urithi vya miaka thelathini viache hadi utakapoandika riwaya.

Kabla ya kuandika: anataka nini, nani anamzuia, mwisho lini

Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Fundi cherehani ana kibaraza chake Tanga. Ni Ijumaa jioni. Anashona sare za harusi ya Jumapili, magauni saba ya vitenge vilivyokatwa kwenye jora moja. Gauni la Bi Zaituni, mama mkubwa wa bibi harusi, linaungua pasi kifuani. Jora limekwisha. Na Bi Zaituni ni dada wa mwenye nyumba, anayemdai fundi kodi ya miezi miwili.

Sura ya fundi hatuijui, utoto wake hatuujui, lakini hadithi imeshaanza kutembea. Ipime yako kwa sentensi moja yenye vipande vitatu: *anataka… lakini… kabla ya…* Fundi anataka kutoa gauni zima, lakini kitambaa hakipatikani tena, kabla ya Jumapili asubuhi. Kipande kinachosahaulika zaidi ni cha tatu. Bila "kabla ya", mhusika anaweza kulala akaamka akafikiri tena, na wewe utaishia kuandika mawazo yake kurasa tano.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kumpa mhusika haja isiyoshikika: anataka furaha, anataka haki. Mpe kitu cha kushika mkononi, kama gauni, risiti, funguo au saini ya mjumbe. Haki na furaha zitaingia zenyewe kupitia kitu hicho. La pili ni kumweka mbele yake mtu mbaya asiye na sababu. Bi Zaituni awe na haki yake: alileta kitambaa wiki tatu kabla, akalipa nusu, akapita mara mbili kukumbusha. Fundi akibanwa na mtu mwenye haki, msomaji hatajua amwonee huruma nani, na hapo ndipo ataendelea kusoma.

Sasa gawa maneno yako katika vipande. Pasi inaunguza: 400. Fundi anajaribu kuficha, labda kwa kukata kiraka kwenye pindo la gauni la mwingine: 500. Bi Zaituni anakuja kupima kabla ya wakati: 600. Fundi anaamua: 350. Mwisho: 150. Kipande kirefu kiwe kile chenye watu wawili wanaotaka vitu vinavyogongana. Na hadithi ianze pasi ikiwa mezani tayari. Kama imeanza fundi akiwa anaamka na kupiga mswaki, umeanza mapema mno.

Rasimu

Wiki hiyo moja usisome ulichoandika jana, isipokuwa mistari mitano ya mwisho ili ujue ulipoishia. Usipojua bei ya kitenge au jina la mtaa, weka ### uendelee. Utazitafuta zote siku moja baadaye. Acha kazi katikati ya sentensi unayojua itakavyoisha, kesho mkono utaanza wenyewe. Ukiandika kwenye simu, jitumie rasimu kwa barua pepe kila jioni, maana simu huibiwa na betri huzima ukiwa hujahifadhi. Siku ambayo maneno 300 hayaji, andika mazungumzo matupu ya watu wawili, hata 100. Hayo hutoka haraka kuliko maelezo.

Ukikwama kabisa, kosa mara nyingi liko kipande kilichotangulia: mhusika alipata alichotaka kirahisi, au hujui yule wa pili anataka nini. Rudi kwenye ile sentensi ya vipande vitatu, iandike upya kwa upande wa Bi Zaituni, uone kama njia haifunguki. Rasimu ya kwanza itakuwa mbaya. Ndivyo zilivyo zote, na za waandishi wazoefu zimo.

Kitenzi ndicho kinachobeba hadithi

Hapa Kiswahili kinakupa zana ambazo wengi huzitumia bila kuzitazama. Soma hii:

*Fundi aliweka pasi akaenda nje akapokea chenji akahesabu akarudi akakuta gauni limeungua akashtuka sana.*

Sarufi haina kosa. Tatizo ni kwamba kila tendo limepewa uzito sawa: kupokea chenji kumechukua nafasi ileile ya kuungua kwa gauni. Sasa hii:

*Fundi aliiacha pasi juu ya gauni, akatoka kibarazani kupokea chenji yake. Alikuwa akihesabu sarafu aliposikia harufu. Hakukimbia. Alirudi ndani taratibu, kama mtu anayeujua msiba kabla ya kuambiwa, akaiinua pasi. Chini yake palikuwa na pembe tatu ya kahawia, pale ambapo Bi Zaituni angelaza mkufu.*

Angalia viambishi. *-li-* inapiga kigingi: jambo limetokea. *-ka-* inasogeza hatua moja mbele ya kigingi hicho. *-ki-*, katika "akihesabu", inafungua muda ili jambo jingine lipenye ndani yake, na ndiyo sababu harufu inaingia hapo. Kisha "Hakukimbia", neno moja peke yake, linasimamisha kila kitu. Neno "alishtuka" halimo kabisa.

Chukua rasimu yako upige mstari chini ya kila *-ka-*. Zikifika nne mfululizo, vunja: weka *-li-* upya, au *-ki-*, au sentensi isiyo na tendo. *-ka-* yenyewe haina ubaya. Ngano za mabibi zilitembea juu yake, lakini pale palikuwa na sauti inayopanda na kushuka, na watoto wa kuitikia. Kwenye karatasi sauti hiyo lazima uitengeneze kwa urefu wa sentensi.

*Hu-* ya mazoea ("fundi hufungua saa mbili, hunywa chai kwa jirani") itumie aya moja tu, maana kinachotokea kila siku bado hakijatokea. Na amua mapema kama unasimulia kwa *-li-* au kwa *-na-*. Kuanza na "aliingia" na kujikuta "anakaa, anasema" nusu ukurasa mbele bila sababu ni kosa la kawaida mno, na mhariri huliona kabla ya jina lako.

Yeye yupi?

*Alimwambia hakujua alipoliweka.* Nani hakujua? Kiambishi *a-* hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na watu wawili wakiwa kwenye chumba kimoja sentensi inaweza kumwangukia yeyote. Vitu havina shida hiyo: gauni lina *li-*, pasi ina *i-*, kitenge kina *ki-*, kila kimoja kinajitambulisha. Watu ndio wanaochanganya. Kwa hiyo mpe kila mmoja jina na cheo unachoweza kubadilishana, "fundi" na "Bi Zaituni", na urudie jina pale sentensi inapohamia kwa mwingine. Usiweke Salma, Salama na Selemani katika hadithi moja. Ukishaidhibiti hali hii utaona faida yake: unaweza kusimulia kurasa mbili bila msomaji kujua mhusika ni mke au mume. Jaribu hilo kwa Kiingereza uone tabu yake.

Mazungumzo

Lugha yetu huweka uhusiano wa watu ndani ya salamu. Itumie.

"Shikamoo, mama."

"Gauni langu."

"Liko tayari, limebaki kupiga pasi tu."

"Gauni langu, fundi."

Marahaba haikuja. Msomaji wa Tanga ameshasikia mlango ukifungwa, huna haja ya kuongeza "alisema kwa hasira". Mahali pengi utafuta "kwa hasira", "kwa huzuni" na "kwa mshangao" bila kupoteza kitu. "Alisema" inatosha, na palipo na watu wawili tu hata hiyo huondoka.

Kuhusu lafudhi: mtu wa Mombasa hasemi kama wa Mbeya, lakini kama huijui lahaja usiiigize. Maneno mawili matatu uliyo na hakika nayo yanatosha kumweka mtu kwao. Sheng ya mwaka huu nayo itachakaa kabla hadithi haijachapishwa, ila kama mhusika ni kijana na hadithi ni ya mwaka huu, hilo si kosa.

Methali ziwe mdomoni mwa wahusika, tena wazitumie kwa faida yao. Mwenye nyumba akimwambia fundi "dawa ya deni kulipa", hiyo ni silaha. Msimulizi akifungua hadithi kwa "haraka haraka haina baraka", ametoboa siri ya mwisho kwenye mstari wa kwanza. Mazoea haya tumeyatoa kwenye insha za shule, pamoja na ile aya ya kufunga inayoeleza funzo. Funika aya yako ya mwisho kwa kiganja usome bila hiyo. Hadithi ikisimama, ifute.

Kusafisha

Ilaze rasimu siku tano au zaidi, kisha uisome kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno 2,000 huchukua kama dakika kumi na tano hadi ishirini. Ulimi ukijikwaa weka alama pembeni, usisimame kurekebisha. Mara ya pili kata maneno 200. Utayapata kwenye "ghafla", "kwa kweli", "hatimaye" na "sana", na kwenye "ambaye": *mwanamke ambaye alikuwa amevaa kanga* ni *mwanamke aliyevaa kanga*. *Alifanya uamuzi wa kwenda* ni *aliamua kwenda*. Sentensi inayosikika kama imetoka ofisini au kwenye taarifa ya habari ifikirie upya: ungemwambiaje jirani?

Halafu tafuta wasomaji watatu, na angalau mmoja asiwe rafiki. Usiwaulize "umeionaje?", watajibu "nzuri sana" kwa adabu tu. Waulize: ulichoka wapi? Ulimchanganya nani na nani? Ulipofika pale Bi Zaituni anapobisha hodi, ulidhani nini kitatokea? Wawili wakionyesha mahali pamoja, hapo pana ugonjwa. Tiba wanayopendekeza si lazima uifuate, mara nyingi watakuambia uongeze maelezo mahali ambapo ungepaswa kukata.

Kuituma

Soma masharti ya shindano au jarida kabla ya kitu kingine. Mengi hutaka kazi isiyowahi kuchapishwa popote, na kuibandika Facebook huweza kuhesabiwa kuwa umeichapisha, kwa hiyo jizuie. Baadhi hukataza jina lako kuonekana ndani ya mswada. Kaliondoe hata juu ya kurasa. Tuzo kubwa za Kiswahili, kama ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014 na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, zina makundi na masharti yake, na hutangaza upya kila msimu. Usitegemee tangazo la mwaka jana. Mwenye ndoto ya kuandika kitabu kizima aanze kukusanya hadithi zake katika faili moja sasa.

Nakala uliyotuma ihifadhi kama ilivyo, na tarehe kwenye jina la faili, usiiguse tena. Mhariri akijibu baada ya miezi minne akitaka ukurasa wa tano ubadilishwe, utahitaji kujua ni ukurasa wa tano wa toleo lipi.