Scribus: ifunge kwanza, ndipo uguse faili la mipangilio

Kwa wenzangu mnaopanga kadi za harusi na vijitabu vya maulidi hapa Ngamiani, Tanga: ukitaka kila kazi mpya ya Scribus, programu ya kupangia kurasa za kuchapa, ianze na pambizo zako, hariri faili la mipangilio, ila funga programu kwanza. Scribus huliandika upya faili hilo inapofungwa, kwa hiyo ukilihariri huku iko wazi, mabadiliko yako yanafutika bila onyo. Kwenye Linux tazama ndani ya .config/scribus, faili linaloishia na .rc. Toa nakala, kisha lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu, utafute MarginTop (pambizo ya juu) na wenzake. Hapo angalia sana: namba ni za pointi, si milimita. Inchi 1 ni pointi 72, basi milimita 15 ni 42.52. Ukiandika 15 tu, unapata kama milimita 5, na kisu cha kukatia karatasi kitapita karibu mno na maandishi. Alama za nukuu zisiguswe; ikipotea moja faili halisomeki, rudisha ile nakala. Kazi za zamani hazitabadilika, kila moja hubeba mipangilio yake.