Plasta za aleji mgongoni: zisomwe lini

Kama ulipakwa piko (hina nyeusi) harusini mikono ikavimba na kutoka malengelenge, daktari wa ngozi huenda akakuandikia kipimo cha plasta mgongoni, yaani plasta zenye dawa kidogo kidogo za vitu unavyoshukiwa kuwa na aleji navyo. Hiki si kile cha kudungwadungwa ukajibiwa dakika 15 baadaye, aleji ya kugusa huja polepole, kwa hivyo tenga wiki nzima, haswa sisi wa Lamu wa kuvuka mpaka Mokowe halafu ndio tupande basi.

Omba wakubandike Jumatatu. Jumatano, saa 48 zikitimia, zinabanduliwa, na hapo ngoja kama nusu saa alama za gundi zitulie ndio usomwe. Halafu Ijumaa unarudi, na hii ndiyo yenyewe. Watu wakiona mgongo safi Jumatano wanapanda basi warudi kwao, ni pesa wametupa baharini, maana aleji nyingi hujitokeza saa 72 mpaka 96, na pia ngozi iliyowashwa tu na dawa huwa imewaka Jumatano ikifika Ijumaa inafifia, ile aleji ya kweli inabaki au inazidi, sasa usiposomwa mara mbili utajuaje ipi ni ipi? Ukishukiwa nikeli (bangili, vifungo), neomycin (antibiotiki ya kupaka) au krimu za steroidi, uliza na siku ya 7.

Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hivyo daktari apapase kwa kidole, uvimbe na vijipele vinasikika, akiangalia kwa mbali tu mwambie amulike taa kutoka ubavuni.

Jasho sasa. Kaskazi ikiwa kali plasta zinateleza, ukiweza ngojea kusi. Mgongo usipate maji wala jua, hakuna kuogelea wala kubeba mizigo. Udhu hauna neno, suala la josho muulize sheikh mapema. Pembe ikibanduka ongeza tepu, ikitoka yote andika saa umpigie daktari. Mistari ya kalamu ya kuonyesha plasta zilipokaa usiisugue mpaka usomwe mara ya mwisho. Kama unameza prednisolone (vidonge vya steroidi) sema kabla, cetirizine (kidonge cha aleji) kwa kawaida haiharibu.

Na kama piko ilikuumiza vibaya sana mwambie kabla hajabandika, anaweza kupunguza makali ya dawa au kuibandua mapema. Usijipime nyumbani kwa kujipaka piko tena!! Doa likiibuka wiki mbili baadaye, ushafika kwako, lipige picha umtumie.