Kuandaa vijisanamu vya kampeni: kitako, rangi na alama zinazosomeka mezani

Kijisanamu, yaani sanamu ndogo ya mhusika inayosogezwa mezani, ni kifaa cha mchezo kwanza, urembo baadaye. Mchezaji aliyekaa upande wa pili wa meza anatakiwa aangalie mara moja tu ajue huyu ni nani, anatazama wapi na ana hali gani. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye kitako (kibao kinachosimamisha kijisanamu) kuliko kwenye nyusi na vifungo vya koti. Unamfaa anayeendesha kampeni (hadithi ndefu inayochezwa kwa vikao) ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani, na anayecheza michezo ya vita ya mezani, na karibu kila kinachohitajika kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na steshenari za Arusha au Moshi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua au kuchapa kwa printa ya 3D

Kipimo cha kawaida ni milimita 28, yaani urefu wa mtu kutoka nyayo hadi usawa wa macho. Vya milimita 32 vinachanganyika navyo bila shida. Kwenye Dungeons & Dragons mraba mmoja wa ramani ya mezani ni inchi 1 na unawakilisha futi 5. Binadamu, mbilikimo na kibwengo hukaa mraba mmoja. Zimwi huchukua miraba 2 kwa 2, jitu 3 kwa 3, na joka kongwe 4 kwa 4, sawa na sentimita 10 kila upande.

Kwa viumbe wakubwa usidharau mafungu ya midoli ya mitumba. Mamba au dinosaria wa plastiki akipakwa rangi vizuri hana tofauti na mnyama wa bei mbaya. Chora mraba wa sentimita 5 kwenye kikaratasi ukibebe mfukoni, umsimamishe juu yake kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Osha na unyooshe

Kijisanamu kipya hubaki na mafuta ya kiwandani, na cha resini kilichochapwa hubaki na mabaki ya dawa ya kuchapia. Rangi haishiki juu ya uchafu huo; hubanduka kwenye pua na ncha za upanga, pale vidole vinapogusa. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha acha kikauke kabisa. Resini ukiipiga msasa, ilowanishe kwanza, maana vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Mkuki uliopinda wa plastiki laini utumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde 20 hadi 30, unyooshe kwa vidole, kisha uingize hapohapo kwenye maji ya baridi. Ukiruka maji ya baridi, utarudi kupinda polepole.

Hatua ya 3: Kitako

Nenda dukani na rula, uombe washa za bolti ya milimita 12. Upana wake wa nje ni milimita 24, kwa hiyo inakaa ndani ya mraba bila kumsukuma jirani. Uzito wake ndio faida kubwa: kijisanamu cha plastiki kinachoanguka kila meza ikitikisika hutulia. Vizibo vya soda za chupa navyo ni vizuri na ni vya bure, ila vina upana wa karibu milimita 32. Vinafaa michezo ya vita isiyotumia miraba; kwenye miraba vitakusumbua, kwa sababu wapiganaji wanne waliozunguka adui mmoja hawatatosha. Kwa zimwi na majitu, mwombe fundi seremala akukatie duara za plaiwudi ya milimita 3.

Washa ina tundu la milimita 13 katikati. Kata duara la manila, uzibe tundu hilo kwa juu, kisha gundisha miguu juu ya manila kwa tone dogo la supagluu. Dogo kweli. Gundi ikizidi, hasa wakati wa masika au ndani ya boksi lililofungwa, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Gundisha penye hewa, na kabla ya kupaka rangi, ili ukungu ukitokea ufunikwe na praima (rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine).

Ardhi ya kitako ni mchanga. Mchanga mweusi wa volkano wa huku kwetu una chembe kali zinazopokea rangi vizuri sana. Uchuje kwa chujio la chai, uanike hadi ukauke. Paka gundi nyeupe ya mbao (sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji), chovya kitako kwenye mchanga, kung'uta. Kesho yake pitisha juu gundi nyepesi zaidi, sehemu 1 kwa 3 za maji. Wengi huiacha hatua hii, halafu chembe zinadondoka ndani ya kopo la kubebea na kukwaruza rangi yote.

Hatua ya 4: Praima

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Rangi za kupulizia za magari zina thina kali: plastiki ngumu inaweza kulainika na kupoteza sura, na plastiki laini inayopindika hubaki ikinata hata baada ya wiki nyingi. Jaribu kwanza chini ya kitako, uguse kesho yake. Kikinata, achana na kopo. Paka kwa brashi rangi ya akriliki isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba.

Ukipuliza, tikisa kopo dakika 2, kaa sentimita 20 hadi 30, pitisha mkono bila kusimama, tabaka mbili hafifu zikipishana dakika 20. Ukikaribia sana, rangi hutuama na kufuta sura. Ukikaa mbali mchana wa jua kali la Moshi, matone hukauka hewani na kijisanamu hutoka na ngozi kama msasa. Kiangazi puliza asubuhi kabla upepo na vumbi havijaamka. Juni na Julai Arusha, subiri saa tano au saa sita baridi ikishakatika. Kikaushie chini ya beseni lililofunikwa juu ya vipande viwili vya mbao: hewa inapita, vumbi haliingii.

Hatua ya 5: Rangi

Rangi tatu zinatosha: ngozi, nguo, silaha. Ziongeze maji hadi zitiririke kama maziwa. Mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Kisha pakaza juu yake rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, iingie kwenye mikunjo. Ikituama mahali, inyonye kwa ncha ya brashi yenye unyevu kabla haijakauka, la sivyo itaacha duara kama doa la chai. Malizia kwa rangi nyeupe-nyeupe usoni na kwenye makali ya silaha. Ukiwa mbali, macho hutafuta hapo.

Hatua ya 6: Alama

Vibwengo 6 wanaofanana ni vurugu tupu kwa msimulizi (anayeendesha mchezo) anayehesabu majeraha. Mpe kila mmoja namba kwenye ukingo wa nyuma wa kitako, na rangi ya ukingo ioneshe kundi lake. Tumia rangi na kijiti cha meno. Wino wa maka huyeyuka unapopuliza vanishi na kusambaa hadi miguuni. Kwa michezo ya vita inayojali uelekeo, weka nukta nyeupe mbele.

Kwa hali za muda (sumu, hofu, kupooza) tumia zile pete za plastiki zinazobaki shingoni mwa chupa za maji na soda. Zina rangi mbalimbali na hupita juu ya kichwa hadi kwenye kitako. Zilegeze kwa maji ya moto, zitoke bila kukatika.

Hatua ya 7: Mezani

Karatasi ya manila ya A1 inatoa miraba 23 kwa 33 ya sentimita 2.5. Ifunike kwa nailoni angavu ya mezani, uchore kuta kwa maka ya ubao mweupe na kufuta usiku huohuo. Ukilala nayo inaganda.

Kwenye michezo ya vita, futi ya fundi cherehani inatosha, usiivute tu. Kijisanamu kikisogea, pima ukingo wa mbele wa kitako hadi ukingo wa mbele. Anayepima kutoka mbele halafu akaweka ukingo wa nyuma pale inchi 6 zinapoishia, amejiongezea karibu inchi nzima, na ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapo.

Kubeba: bandika sumaku bapa za matangazo ya friji ndani ya kopo la biskuti, upande wenye sumaku ukitazama juu. Washa za chuma zitanasa zenyewe. Ligeuze kopo kichwa chini juu ya kitanda kabla ya kupanda bodaboda. Kitakachodondoka kiongezee kipande cha sumaku chini ya kitako.