Zambarau ulimini, si ubongoni

Mjukuu wangu aliingia kutoka uani alikokuwa anakula zambarau, ulimi wote umekuwa rangi yake, akaniuliza, "Bibi, na ubongo wangu umekuwa hivi?" Nimefundisha baiolojia hapa Tanga mpaka nikastaafu, na maswali mazuri kama hilo niliyapata machache. Nilimjibu hapana. Rangi ile huvunjwavunjwa njiani, na kinachofika juu ni vipande vyake. Jambo hilo ndilo lililobadilisha upishi wangu.

Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi alizowadunga wanyama zilienea viungo karibu vyote, ubongo ukabaki bila rangi. Seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana kama makuti ya paa jipya, zikawa ukuta. Hupenya kwa urahisi zaidi kile kilicho kidogo na kinachoyeyuka kwenye mafuta. Polifenoli, yaani kemikali za mimea kama ile rangi ya zambarau, nyingi ni kubwa, tena zimebeba sukari mgongoni.

Anza na kitunguu maji chekundu. Kina kwesetini, mojawapo ya polifenoli hizo, na iliyo nyingi zaidi imo kwenye tabaka za nje, kwa hiyo toa ganda kavu tu. (Msichana wangu wa kazi alikuwa anatupa tabaka tatu nzima.) Cha kachumbari kioshe mara moja, mimi nilizoea kukifikicha kwa chumvi na kukikamua mpaka kinyweye, kumbe nilikuwa namwaga nilichokinunua. Ukikichemsha, sehemu ya kwesetini huhamia kwenye mchuzi, basi mchuzi unywe. Hii ya kitunguu huingia damuni mapema, ndani ya saa moja hivi, lakini utumbo na ini huibadilisha upesi ili itoke kwa mkojo.

Sehemu kubwa ya polifenoli hainyonywi kwenye utumbo mwembamba. Huteremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria ndio wapishi wa pili. Za chai na kakao huzigeuza kuwa valerolaktoni, za komamanga kuwa urolithini, vitu vidogo vinavyorudi damuni saa nyingi baada ya mlo. Baadhi ya vipande hivi vimeonekana kuvuka ule ukuta wa ubongo katika majaribio ya seli na ya wanyama. Ila wapo watu wasio na bakteria wa kutengeneza urolithini, kwa hiyo mimi na jirani tunaweza kugawana komamanga moja tusigawane faida.

Basi walishe hao bakteria kila siku: kunde, maharage, mchicha, ugali wa dona badala ya sembe. Na mafua yakikushika, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki bila kuandikiwa; zinawafagia na hao wapishi.

Manjano yana kisa chake. Wifi yangu alinunua kopo la vidonge vya kurkumini, polifenoli inayoyapa manjano rangi yake, ambayo ikiliwa peke yake huingia damuni kidogo mno. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 za piperini, ile inayowasha kwenye pilipili manga, wakaona kiasi kinachopatikana damuni kimeongezeka kwa asilimia 2,000. Kubwa, ndiyo, lakini mwanzo wake ulikuwa karibu na sufuri. Tena piperini hufanya hivyo kwa kulizuia ini na utumbo visifanye kazi yao, na dawa za hospitali nazo zinapita humo humo. Wifi anameza dawa za presha. Nilimwambia amuulize daktari kwanza, na kwenye sufuria aendelee na manjano, pilipili manga na tui kama mama zetu.

Chai usiinywe pamoja na chakula. Polifenoli zake hukamata madini ya chuma ya maharage na mchicha, yakapita bure. Kwangu chai hutoka saa moja baada ya sahani kuondolewa, na mgeni anayedhani ni uchoyo huwa namweleza haya yote huku tunasubiri.