Namna ya Kuandika Imani za Wazee wa Kaya Kuhusu Ulimwengu

Anayetaka kuandika jinsi Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanavyouona ulimwengu na nafasi ya mtu ndani yake hatapata msahafu wa kufungua. Imani hiyo imehifadhiwa katika misitu ya kaya (misitu mitakatifu yenye makazi ya kale ya mababu), katika sala za kuomba mvua, katika makaburi na miiko, na wanaoitunza ni wazee. Kwa hiyo kazi yake yote ni kuuliza vizuri na kutazama kwa makini.

Anza kwa kuchagua kabila moja na kaya moja. Wamijikenda ni makabila tisa, na ingawa husimulia asili moja, Singwaya ya upande wa kaskazini, taratibu za Wadigo si lazima zilingane na za Wagiriama au Warabai. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini ruhusa ya kuingia hutoka kwa wazee wenyewe, nayo huombwa mapema kupitia mtu wa pale pale. Siku ya kwenda, fuata unaloagizwa bila kubishana. Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hupita njia iliyozoeleka, wala haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani lililoanguka. Usiyachukue haya kuwa masharti ya mlangoni tu, maana ndiyo fundisho la kwanza: msitu si mali ya walio hai peke yao, bali ni wa waliotangulia na wa watakaozaliwa pia.

Mkishakaa kitako, usimuulize mzee, "Mungu ni nani?" Swali la namna hiyo huzaa jibu la adabu, mara nyingi lililoazimwa msikitini au kanisani. Uliza matendo. Mvua ikikawia, wanaitwa akina nani, wanakutana wapi, na anayeombwa kwanza ni yupi? Katika majibu utamsikia Mulungu, muumba aliye juu ya vyote, na utawasikia koma, yaani roho za waliokufa, ambao kufa hakukuwatoa katika ukoo: humwagiwa tembo la mnazi, hupashwa habari za nyumbani, na wakipuuzwa huja ndotoni kudai haki yao. Uliza pia ni marehemu wangapi wanaotajwa kwa majina, na hadi kizazi gani. John Mbiti, mwanazuoni Mkenya aliyefariki mwaka 2019, alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Yapime maelezo hayo kwa unayoyasikia, lakini usimsukume mzee ayathibitishe.

Kwa Wagiriama, omba uonyeshwe kigango, kisha kitazame bila haraka. Ni nguzo ya mbao ngumu iliyosimamishwa wima, yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili chembamba kilichochongwa nakshi za pembetatu, ukumbusho wa marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na heshima. Kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa. Hata hivyo vigango vingi vimeibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa, hasa Marekani, na ninaamini anayeandika juu ya imani hizi ana wajibu wa kuutaja wizi huo waziwazi, kwa kuwa familia zilizoibiwa huuhusisha na magonjwa na ukame uliofuata. Usichapishe picha itakayomwonyesha mwizi njia.

Historia nayo usiiache. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke Mgiriama, aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala kiapo cha kuwapinga Waingereza. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Mwombe mzee akueleze ni nini hasa kilichovunjwa siku ile, na umwache aseme hadi mwisho, kwa sababu hapo ndipo utakapoelewa kwamba mvua, kiapo, mazao na amani ya watu hushikwa na mpango mmoja.

Ukimaliza kuandika, rudi ukawasomee wazee maandishi yako, maneno ya Kigiriama au Kidigo yakiwa kama yalivyotamkwa. Wanachotaka kifutwe, kifute. Mahali lilipozikwa fingo, kinga ya kaya, hapaandikwi kabisa, hata kama uliambiwa.